Tata Tshilombo na Msimu wa Viganja

"Mwalimu, huyu anasoma mu kilasi gani?"

Ndilo swali nililomuuliza Tata Tshilombo Mathieu jioni moja ya mazoezi, mbele ya ekipe nzima, nikiwa ndiyo kwanza nimeingia darasa la saba, la kuanzia koleji, yaani shule yetu ya sekondari. Niliuliza kwa sababu nilitaka kujua. Mchezaji mwenyewe alikuwa na ndevu, mabega mapana kama mlango wa kanisa, na alipokimbia na mpira wenzake walimpisha kama watu wanavyopisha lori la madini. Alikuwa amevaa jezi ya koleji yetu, njano na nyeusi, ambayo kwake ilifika kitovuni tu.

Tata Tshilombo alipuliza filimbi karibu na sikio langu.

"Weye, enda ufagie nyuma ya vyoo. Mutoto gani huyu wa kuuliza-uliza?"

Nilienda kufagia. Jibu sikupewa.

Kwa asiyemjua, Tata Tshilombo alikuwa direkta wa nidhamu wa koleji yetu hapa Kolwezi, tena mwalimu wa uraia, tena kocha wa ekipe tuliyoiita Nyuki. Mtu mmoja kazi tatu, na zote tatu alizifanya kwa fimbo ileile. Alivaa suti ya michezo juu ya shati na tai, na tai ilichomoza shingoni kama ulimi. Alikurudisha nyumbani ukivaa soksi zisizofanana. Ukitafuna kitu mstarini asubuhi, alikutemesha mkononi mwake, akakionyesha kwa koleji nzima kama mtu aliyekamata nyoka.

Mpira aliuelewa kwa namna yake. Aliamini samaki anafanya miguu iwe mizito, kwa hiyo siku ya mechi wachezaji walikula bukari, yaani ugali, na chumvi. Mbinu alizifundisha juu ya meza kwa vifuniko vya chupa za bia, vyetu upande huu na vya adui upande ule, na vifuniko vyetu vilishinda kila mara. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza. Mkewe, Mama Adèle, anasema ujanani alichaguliwa mara moja katika ekipe ya watoto wa wafanyakazi wa mgodi, akavunjika goti wakati wa kushuka kwenye lori lililowapeleka. Ukimuuliza yeye, atasema aliumizwa na beki.

Kila Septemba aliwasimulia darasa la saba maisha yake. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuendesha treni ya mgodi. Yeye akazaliwa hapa, akasoma hapa, na alipokuwa kijana ukaja ule wakati wenyeji wa hapa walipowaambia watu wa Kasai warudi kwao. Familia ikakaa stesheni na mabegi na masufuria, ikingoja treni. Wengi waliondoka. Wao walirudi nyumbani, wakakuta mlango hauna tena kitasa. "Pale njo nilielewa," alituambia huku akipitisha fimbo juu ya vichwa vyetu. "Sisi hapa hatuna ruhusa ya kuwa na kosa. Bengine banaweza kukosea. Siye hapana." Ni simulizi ya kuhuzunisha, nakubali. Lakini alikuwa akiimaliza kwa kukagua kucha, kwa hiyo hatukuhuzunika.

Sasa lazima nieleze habari ya viganja, maana bila hiyo hakuna cha kusimulia.

Hapa kwetu kijana akiacha shule anaingia shimoni. Mtaani Kasulo watu wamechimba hadi chini ya vitanda vyao wakitafuta kobalti. Kwenye machimbo ya Mutoshi vijana wametoka pembe zote za Kongo. Hao ndio makreser, na wana nguvu, kwa kuwa kazi yao ni kupasua jiwe siku nzima na kuvuta magunia kwa kamba. Basi makoleji yalizoea kuwaazima. Unamtafuta kreser anayejua mpira, unampa jezi, unampa jina na kadi ya mwanafunzi fulani, na Jumamosi anakufungia mabao. Ligi yote ya makoleji ilijua. Walimu walitazamana wakacheka.

Aliyekataa kucheka ni Tata Tshilombo. Miaka miwili kabla ya msimu ninaousimulia, alisimama katika mkutano wa ligi na tai yake, akapendekeza kwamba fainali isianze kabla refa hajakagua viganja vya wachezaji wote. Mwenye sugu za kamba na tindo, nje. Alisema, "Kadi unaweza kuipika. Mukono utaupika namna gani?" Mkutano ulipiga makofi, sheria ikaandikwa. Kwa wiki kadhaa Tata Tshilombo alitembea koleji kana kwamba amegundua mgodi. Sheria ile ilikuwa mtoto wake.

Na mtoto wake mwingine, wa damu, alikuwa shimoni.

Hilo sikulijua nilipouliza swali langu. Nililijua baada ya kufagia vyoo, nilipomlalamikia shangazi yangu, Mama Ndaya, anayekaanga maandazi ukuta mmoja na nyumba ya Tata Tshilombo. Hakuinua hata macho kwenye mafuta.

"Mwenye ndevu? Ule ni Ntambwe. Ni mutoto yake wa kwanza."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Tshilombo, sasa wa nani. Hauone pua?"

Akanieleza yote, akigeuza maandazi. Ntambwe alikuwa akisoma koleji yetu hiyohiyo. Alipokuwa darasa la tatu, maana kwetu baada ya la nane hesabu huanza upya, alikamatwa akinakili jibu la jirani katika mtihani wa uraia, yaani mtihani wa baba yake. Baba angeweza kumpa sifuri. Angeweza kumpiga nyumbani. Badala yake alimwita asubuhi chini ya bendera, akachana karatasi mbele ya koleji nzima, akamfukuza, ili mtu asije akasema Mukasai anamlinda mtoto wake. Na sheria ya koleji ni kwamba aliyefukuzwa kwa udanganyifu harudi, isipokuwa baraza la koleji lenyewe limruhusu. Wiki ileile Ntambwe aliteremka kwenye shimo Kasulo.

"Sasa Mama Adèle halale," shangazi alisema. "Mvua ikinyesha anaamuka, anaikala ku mlango. Anafikiri shimo imemufunika."

"Na huyu mwalimu anamchezesha kwa nini?"

"Anataka kombe. Akipata kombe, ataingia nayo mu baraza, ataomba kitu moja tu: bamurudishie mutoto ku kilasi. Amemwambia muke yake. Muke yake ameniambia mi. Avenyu yote inajua. Weye tu njo haujue."

Nilikaa na andazi mkononi nikifikiri. Mtu alimfukuza mwanawe kwa kunakili jibu moja, na sasa yeye mwenyewe ananakili mchezaji mzima. Kuanzia siku hiyo nilimwangalia Tata Tshilombo kwa makini sana, kama tunavyoangalia mdudu katika somo la biolojia, na kila nilichoona kilinizidishia dharau.

Msimu ulikuwa umeanza vibaya. Mechi ya kwanza Nyuki walikwenda Tenke, wakafungwa manne kwa bila. Tata Tshilombo alisema treni ilipiga honi wachezaji wakashtuka. Siku hiyo treni haikupita. Mechi ya pili walifungwa hapa nyumbani, na lawama zikaenda kwa jua. Ndipo Ntambwe akavalishwa jezi. Alipewa jina la Kankolongo Hénock, mvulana wa darasa la tatu mwenye pumu, ambaye hawezi kukimbia hata kuwahi kengele. Nyuki wakaanza kushinda.

Hénock halisi alikatazwa kuja kiwanjani, wasije wakaonekana wawili. Alikaa kwao, mtaa wa pili, akisikia umati ukiimba jina lake. "Nimefunga mbili juzi," alituambia Jumatatu, "na nilikuwa nakunywa dawa." Mama yake, Mama Tshiela, alikataa mwanzoni. Halafu watu sokoni wakaanza kumpongeza na kumwongezea nyanya juu ya fungu, naye akaacha kukataa. Mwisho wa msimu alikuwa akisema, "Ule mutoto wangu ananisumbua na mupira yake," huku akihema kwa fahari.

Tata Tshilombo alivimba. Alinunua filimbi mpya. Baada ya kila ushindi alitoa hotuba kuhusu kazi na nidhamu, wakati tulijua wote kwamba mbinu yake nzima ilikuwa kumpelekea Ntambwe mpira na kukaa pembeni. Wiki tuliyofika nusu fainali, katika somo la uraia, alituandikisha kwamba raia mwema hatumii jina lisilo lake. Aliyasoma hayo polepole, na nukta, na koma. Nje ya dirisha Ntambwe alikuwa ameegemea ukuta, viatu vya mpira shingoni, akimsubiri. Nilitazama uso wa mwalimu nikitafuta aibu. Hata dalili sikuona. Alinusa, akageuza ukurasa.

Baba na mwana hawakuongea. Niliwatazama mazoezi yote. Tata Tshilombo alikuwa akisema "vaa mayo" na kumtupia jezi, Ntambwe anaivaa. Mwishoni anaivua, anaikunja vizuri, anaiweka juu ya benchi, anarudi Kasulo. Basi. Wengine jezi zao walizitupa chini kama matambara.

Nyuki walifika fainali, dhidi ya Tenke tena. Na fainali ina ukaguzi wa viganja.

Hapo ndipo avenyu yetu ilipopata kitu cha kucheka. Wiki nzima Ntambwe alikatazwa kwenda shimoni. Mama Adèle alimlowesha mikono katika maji ya moto na sabuni, akamsugua sugu kwa jiwe, akampaka ndimu, akampaka mawese, akamvisha soksi mikononi. Shangazi aliona yote juu ya ukuta.

"Anakula bukari na kijiko," alituletea habari. "Bukari, na kijiko. Mwanaume na ndevu zake."

"Na Tata Tshilombo?"

"Anakuya, anashika mukono, anaangalia ku mwangaza kama mutu ananunua kitambaa. Anasema, ongeza ndimu."

Mtu mwenye akili angejiuliza jambo moja: na wengine je? Lakini Tata Tshilombo alikuwa na akili ya vifuniko vya chupa. Alishughulika na mikono miwili tu. Wachezaji wengine walikuwa wanafunzi kweli, na yeye aliyeitunga sheria alidhani mwanafunzi ana mkono wa mwanafunzi. Miaka yote aliyotukagua kucha, hakuwahi kutugeuza mkono upande wa pili.

Siku ya fainali wazazi walijaa pande zote za kiwanja. Chokaa ilikuwa imemwagwa upya, na Mama Prefe, mkuu wa koleji, alikaa mbele chini ya mwavuli. Refa wa ligi alikuwa mzee mfupi, mstaafu wa reli. Aliwapanga Nyuki mstari mmoja, mikono mbele, viganja juu, kama watoto wa chekechea kabla ya chakula.

Alianzia kwa kapteni, Mushiya, mvulana wa darasa la mwisho, wa kwanza kwa hesabu katika koleji. Refa alipitisha kidole juu ya kiganja chake, akatikisa kichwa. "Kreser. Toka."

"Mi ni mwanafunzi," Mushiya alisema.

"Mukono inasema ingine."

Kiganja cha Mushiya kilikuwa kigumu kweli. Jumapili na likizo alikuwa akisafisha mawe ya shaba mtoni, upande wa Mutoshi, ndivyo alivyolipa shule. Wa tatu katika mstari alisukuma baiskeli ya makaa kabla ya masomo. Wa tano alilima shamba na mama yake, na sugu zake zilikuwa za jembe. Refa hakutofautisha jembe na tindo. Wote watatu walitolewa, wakasimama kando ya chokaa mikono ikiwaning'inia, na upande wa Tenke watu wakaanza kuimba, "Bakreser, mashimo inabaita."

Halafu refa akafika kwa Ntambwe. Alikishika kile kiganja, akakigeuza, akakiminya. Kililainika kama mkate ndani ya chai. Akainua mkono wa Ntambwe juu, umati mzima uuone.

"Muangalie. Huyu njo mwanafunzi. Huyu anashika kalamu tu."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikaona uso wa mama yake Mushiya, nikainuka.

Alikuwa amevuka chokaa, kitenge kimemfunguka nusu. "Arbitre, ule ni mutoto wangu. Anasoma hapa tangu ya saba. Muulize mwalimu. Mwalimu, sema."

Refa alimgeukia Tata Tshilombo. "Tata Mwalimu, uko na kadi zao?"

Kadi zilikuwa mfukoni mwake. Wote tulimwona akiweka mkono juu ya mfuko wa suti ya michezo. Angezitoa, Mushiya na wenzake wangerudi uwanjani papo hapo. Lakini refa angetaka zote, na katika kadi ya Kankolongo Hénock kulikuwa na picha ya Kankolongo Hénock, uso mwembamba, shingo kama ya kuku. Hapo Ntambwe angetoka, na kombe lingetoka, na baraza lisingekuwa na cha kuombwa.

Mkono ulikaa juu ya mfuko. Ukashuka.

"Nimezisahau ku nyumba," Tata Tshilombo alisema.

"Basi hawa batatu ni bakreser?"

Akanyoosha tai. Mama yake Mushiya alikuwa akimtazama mdomoni, kama mtu anayengoja litoke neno la Kifaransa. Mushiya naye alimtazama. Huyu ndiye mwalimu aliyewahi kumrudisha nyumbani kwa sababu ya soksi.

"Arbitre njo anajua," alisema Tata Tshilombo.

Nimesikia watu wengi wakisema uongo. Wengine wanausema vizuri, unabaki ukiwaheshimu kidogo. Ule ulikuwa uongo wa mtu anayejificha nyuma ya kisogo cha mwingine, kisha anajinyoosha tai. Ningekuwa na fimbo yake ningeivunja.

Aliyeongea ni Ntambwe. Hakupandisha sauti.

"Tata arbitre, umekosea. Bale batatu ni banafunzi. Kreser ni mi."

Refa alicheka. "Na mikono hii?"

"Ni mawese ya mama."

Akavua jezi. Kifuani na mabegani alikuwa na makovu ya kamba ambayo hakuna aliyefikiria kuyapaka ndimu. Aliikunja jezi kwanza kwa urefu, kisha mara mbili, kama kawaida yake, akaiweka juu ya mkono wa baba yake, kwa kuwa hapakuwa na benchi karibu. Baba hakuushusha mkono. Ntambwe akatoka uwanjani kifua wazi, akapita nyuma ya mwavuli wa Mama Prefe, akashika njia ya Kasulo. Tata Tshilombo alibaki amesimama na ile jezi mkononi kama mhudumu wa hoteli mwenye taulo.

Kombe walipewa Tenke bila kupigwa mpira hata mmoja. Nyuki walifutwa katika matokeo yote ya msimu, pamoja na yale mabao ya Hénock, na nyanya za Mama Tshiela zikarudi kipimo cha kawaida. Baraza la koleji lilikutana, lakini si kwa ajili ya ombi ambalo Tata Tshilombo alikuwa ameliandaa. Walimvua mpira, wakamvua nidhamu, wakamwachia uraia wa darasa la saba, labda kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka somo hilo. Mushiya alipata diploma yake. Mpaka leo wakikutana njiani anamsalimia Tata Tshilombo kwa mdomo tu. Mkono hampi.

Ntambwe hakurudi shule. Alichimba Kasulo, sasa yuko Mutoshi. Shangazi anasema mvua ikianza, mlango wa jirani bado unafunguka.

Mimi niko darasa la mwisho sasa, najiandaa kwa mtihani wa serikali. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaangalia Nyuki. Wana kocha kijana mwenye diploma ya michezo, wanakula samaki, na wanafungwa vilevile. Tata Tshilombo alikuwa amesimama peke yake nyuma ya goli. Shati, tai, suti ya michezo iliyopauka. Kila Nyuki walipokosea, vidole vyake vilipanda kifuani kutafuta filimbi ambayo haipo. Nilisimama karibu naye, nikisema moyoni kwamba nataka tu kuona vizuri.

Alinigeukia.

"Weye njo ule wa kuuliza-uliza," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Nilikufagilisha vyoo."

"Ndiyo, Tata. Na haukunijibu."

Nilidhani angenitafutia kosa, nywele au viatu. Nilikuwa tayari kucheka. Tenke walipata kona, wakaipiga, kipa wetu akaidaka. Alingoja mpaka mpira ulipotolewa nje, macho yake kwenye nyasi.

"Ya tatu," alisema. "Mpaka pale alivua ile mayo, alikuwa mu ya tatu."